Kalibu Aliyoichagua Fundi

Fundi alikuwa akipima kila kitu kwa ukucha wa kidole gumba. Embe sokoni, sabuni, ukwaju, mkate wa Rehema ukiwa bado moto, na hasa madini ya risasi. Alichukua kipande, akakigeuza upande unaong'aa, akakikandamiza ukucha, kisha akakitazama kwa jicho moja. Ukucha ukiacha alama, madini ni laini, yanafaa. Usipoacha alama, anakurudishia bila neno. Siku ya kwanza nilipofika ile nyumba ya Al-Hamra, Jeddah, aliniangalia vivyo hivyo, jicho moja, na nikadhani sasa na mimi nitakandamizwa. Akasema, "Mtu wa bara?" Nikamwambia natoka Machakos. "Ndo bara yenyewe hiyo," akasema, akarudi kwenye chungu chake.

Jina lake nalijua. Sitalitaja. Nyumba nzima ilimwita Fundi, kuanzia bosi hadi watoto wa kubebwa, na baada ya haya nitakayosema sidhani nina haki ya kumwita vingine.

Bosi wetu alikuwa na mapenzi ya bunduki za kizamani, zile zinazoshindiliwa baruti nyeusi kutoka mdomoni. Magobori, kwa lugha yetu. Hakuwinda. Hata njiwa hakuwahi kumgusa. Alikuwa na vibali vyake vyote, na kazi ya gobori lake ilikuwa moja tu, kutoboa karatasi yenye duara jeusi, mbali, uwanjani kwa wenye shabaha zao. Mimi nilikuwa dereva. Fundi alikuwa mtu wa risasi. Anayetaka gobori lipige sawasawa hanunui tu risasi dukani akamaliza; anayeyusha madini na kumimina mwenyewe, moja moja, ndani ya kalibu. Kalibu ni chombo cha vipande viwili chenye mikono kama koleo, na katikati vipande vikikutana pana tundu lenye umbo la risasi. Unamimina, unangoja, unagonga kifuniko kidogo cha juu kisogee, unafungua, risasi inadondoka juu ya kitambaa. Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya dakika tano. Fundi aliifanya zaidi ya miaka ishirini, na bado kila asubuhi aliianza na bismillahi ndefu kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, ukuta mmoja na chumba changu. Milango miwili wazi, feni ikitoa moshi nje. Kila kitu kilikuwa na msumari wake ukutani, na msumari wa kwanza ukiingia ulikuwa wa nyundo ya mti. Nyundo hiyo aliichonga mwenyewe kutoka kwa mchi wa Rehema uliovunjika. Rehema alikuwa mpishi, mwanamke wa Kisauni, mdomo haulali, na alimdai Fundi ule mchi miaka na miaka ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyeutupa. "Wanigongea vyuma na mchi wa bibi yangu," alikuwa akisema. Fundi alimjibu, "Bibi yako alitwanga, mie nagonga. Mchi haujali."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema, maneno mafupi na uso mkavu. Akinifundisha kupanga risasi alisema, "Za mwanzo ni za kalibu, si zako." Maana yake kalibu ikiwa bado baridi, risasi chache za mwanzo hutoka na makunyanzi, nawe usizilie, unazirudisha chunguni. "Risasi mbaya si dhambi," alisema. "Dhambi ni kuipeleka uwanjani." Akiona nina haraka, na mimi haraka ninayo tangu tumboni, alisema, "Mkono wako umezoea gari, mtu wa bara. Gari lina msamaha." Kweli kabla ya Saudia nilikuwa fundi gereji, na gereji zetu unajua zilivyo: boliti ikikataa unaigonga kwa chochote kilicho mkononi. Kuhusu shabaha alikuwa na neno moja tu, "Karatasi haina shemeji." Yaani haimpendelei mtu. Bosi alilipenda hilo neno hata akawa analisema kwa wageni wake kwa Kiarabu, ila kwa Kiarabu halikuchekesha.

Sasa ajabu ya mtu huyu. Mlio wa bunduki alikuwa hauwezi kabisa. Tukifika uwanjani alijaza pamba masikioni, akageuka nyuma, akaanza kusoma dua, midomo ikicheza, na kila mlio mabega yalimruka. Mtu mzima huyo, mtu wa risasi! Lakini karatasi ikiletwa alikuwa wa kwanza kuinyakua, kabla hata ya bosi. Aliyasoma matundu kwa kidole. "Hii umevuta pumzi," anamwambia bosi. "Hii umemfikiria mtu." Na bosi, ambaye sikuwahi kumwona akikosolewa na yeyote, alicheka na kukubali.

Tena Kiarabu chake cha Jeddah kilikuwa kitamu mno. Tukienda Al-Mahjar kwa watu wa mabomba na vyuma chakavu kutafuta madini laini, wenye maduka walimwita ami na kumwekea kiti. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi kwenda kuchambua mabomba ya kutupwa. Lakini tukikuta askari barabarani wanaangalia ikama, kile kibali cha kuishi, alianza kupapasa mfuko kabla hata hatujasimamishwa, na ikama anayo, haijaisha, iko mfukoni. Nilimuuliza mara moja, Fundi, unaogopa nini na miaka yote hii? Akanijibu, "Ndo miaka yenyewe inayonitisha."

Na halua. Daktari alimkataza sukari, na chai alikunywa chungu mbele ya watu kwa majivuno kabisa. Kumbe ana kopo la halua nyuma ya makopo ya nta. Rehema alipolifumania, Fundi akasema ni paka. "Paka gani huyo afungua kopo, ala, kisha alifunga?" Fundi hakupepesa. "Paka wa Jeddah, mwanangu, wamesoma." Tulicheka siku ile hadi madam, mke wa bosi, akatoka kuuliza kuna nini.

Kusifu hakujui. Ukifanya vibaya, kimya. Ukifanya vizuri, kimya. Neno lake la juu kabisa lilikuwa "taibu," yaani vizuri, na hilo alimpa bosi mara chache, chungu chake mara nyingi, na mimi kwa miaka miwili ya kwanza hakunipa hata kidogo. Nililitaka neno hilo, sitaficha. Mtu mzima na mtoto wangu Machakos ameshaanza shule, lakini nililitaka.

Ikaja ile habari ya kuchagua kalibu mpya. Ya zamani ilikuwa ya chuma, na hewa ya Jeddah haina adabu na chuma, ilishaliwa na kutu hadi tundu likawa na vidonda. Kila mwaka bosi alikuwa akienda Riyadh kupimana shabaha na shemeji yake, na mwaka uliopita alishindwa, akatoka pale akitabasamu kwa meno tu. Kwa hiyo alikuja karakana na simu mkononi, akamwonyesha Fundi picha. Kalibu ya risasi ndefu, nyembamba, nzuri kweli kwa macho.

"Hii," bosi akasema. "Shemeji anayo."

Fundi akaitazama kwa jicho lake moja. "Shemeji ana bunduki nyingine."

"Bunduki ni bunduki, Fundi."

"Hapana, bosi. Bunduki ndiyo inayochagua kalibu. Sisi tunaulizwa tu kama tumesikia."

Ilimchukua siku tatu kusikia. Alisukuma donge la madini laini ndani ya mtutu, likatoka upande wa pili limechukua umbo la ndani, akalipima kwa maikromita, akalipima tena, akaniambia na mimi nipime, akaandika. Kisha akachukua ule ufito wa kushindilia, akaufunga kitambaa cha kubana, akausukuma taratibu ndani. Kwenye mtutu kuna mifereji inayozunguka, ndiyo inayoizungusha risasi iende sawa, na ufito ukipita nao huzunguka kuifuata. Aliweka alama kwa chaki aone ufito unaingia kiasi gani ndipo ukamilishe mzunguko mmoja. Alirudia mara sita. Kila mara alisogeza uso karibu zaidi na ile chaki, na mimi niliona hilo, ila sikulitilia maanani.

Akamwita bosi. Akamwambia mifereji ya mtutu huu inazunguka polepole. Risasi ndefu inataka kuzungushwa kwa kasi, isipozungushwa itayumba njiani na kuipiga karatasi ubavu. Mtutu huu unataka risasi fupi, nene, yenye tako bapa. Na kalibu iwe ya alumini, maana kutu ya Jeddah haiiwezi, ila alumini ni laini, haitaki kuguswa na chuma. Aliponena hilo la mwisho alinitazama mimi.

Bosi hakupenda. Ile fupi haikuwa na sura. "Na ukikosea?" akauliza.

"Nikikosea," Fundi akasema, "basi macho yangu yamekwisha, niondoe."

Bosi akacheka. "Umesema mwenyewe."

"Nimesema mwenyewe."

Kalibu ilichelewa njiani na kufika zikiwa zimebaki siku tisa twende Riyadh. Fundi akamimina dazeni ya kwanza kwa mkono wake. Zilikuwa zinang'aa, hazina ila. Nafasi ya kuzijaribu uwanjani haikuwepo, uwanja wa Jeddah ulikuwa umefungwa wiki zile. Jioni moja akaniita, akafunga mlango mmoja, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Akaniambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari kamtaka siku tatu. Bosi alikuwa ameshamwambia ni goti. "Wewe tu ndo unajua," akasema. "Nimiminie hamsini. Pole pole. Zipime kila moja kwenye mizani, inayozidi au kupungua, chunguni. Nakuachia kwa sababu mkono wako sasa una akili."

Siku ya kwanza nilimimina vizuri, na kusema kweli nilijiona. Siku ya pili, mchana, niko katikati ya kazi, simu ikaanza kuita. Madam anataka kwenda kwa dada yake, yalla, yuko mlangoni. Kile kifuniko cha juu kikakwama. Kalibu iko mkono wa kushoto, ya moto, na mkono wa kulia ukaingia mfuko wa nyuma ukatoka na spana. Spana namba kumi na saba, nilikuwa nimetoka kukaza nati za magurudumu. Sikufikiri. Nikagonga mara tatu, kama boliti ya lori. Kifuniko kikafunguka.

Risasi iliyofuata ilitoka na ubawa mwembamba ubavuni, ukingo wa karatasi hivi. Nikaifunga kalibu, nikaiinua kwenye mwanga wa mlango. Mwanga ulipita kati ya vile vipande viwili, uzi mwembamba mno. Havikutani tena. Nilijua papo hapo. Simu bado inaita.

Nilichofanya baadaye ndicho kibaya zaidi, si spana. Spana ni ujinga, na ujinga mtu hukiri akachekwa. Mimi niliporudi kutoka kwa dada yake madam niliendelea kumimina na kalibu ile ile iliyopinda, risasi thelathini na kitu, kisha nikakaa chini na kisu kidogo nikazikwangua mabawa moja moja hadi zikawa laini. Hazikuwa za mviringo tena, lakini macho hayaoni hilo. Mizani ingeona. Sikuigusa mizani. Zile nzuri za siku ya kwanza nikazipanga juu.

Fundi akarudi alasiri, macho yamejaa dawa, anaona ukungu. Akasimama kando ya meza.

"Umezipima?"

"Zote, Fundi."

Akanyoosha mkono, akachukua moja ya juu, akaipitisha ukucha ubavuni. Akaiweka. "Taibu," akasema.

Neno hilo nililolisubiri miaka miwili. Nilikwenda chumbani kwangu nikakaa kitandani na viatu.

Sasa mtu ataniuliza, si ungesema hata wakati ule? Kulikuwa na siku mbili nzima. Najua. Najiuliza mwenyewe kila nikikaza boliti. Niliogopa kurudishwa nyumbani, ikama yangu iko kwa bosi huyo huyo. Lakini ukweli mtupu ni kwamba niliogopa zaidi kumwona Fundi akilirudisha lile neno lake.

Uwanja ulikuwa nje ya Riyadh, mchanga na upepo kidogo, mahema mawili na birika za kahawa. Shemeji alipiga kwanza, na risasi zake ndefu, na karatasi yake ilikuwa safi, matundu yote ungeyafunika kwa finjani. Kisha bosi. Fundi akatia pamba masikioni, akageuka. Milio kumi. Karatasi ikaletwa.

Zile mbili za kwanza zilikuwa katikati, karibu zimegusana. Hizo zilikuwa za siku ya kwanza, mbili zilizobaki; nzuri nyingine, pamoja na dazeni ya Fundi, bosi alikuwa amezimaliza asubuhi mchangani akiuzoesha mtutu. Nyingine zilikuwa kila mahali, moja imepiga pembeni kabisa, na tatu zimetoboa karatasi kwa ubavu, tundu refu badala ya duara. Shemeji akaiinua juu watu waone. "Hii karatasi au chujio?" Wakacheka wote, na bosi akacheka nao, na nilimwona shingo inavyobadilika rangi.

"Fundi," akasema. "Uliniambia nini?"

Fundi akaichukua karatasi. Aliileta karibu na pua. Kidole chake kikatembea juu ya matundu, kikafika yale marefu, kikasimama. Mwenyewe alishasema: isipozungushwa vya kutosha itaipiga karatasi ubavu. Kwa hiyo alijihukumu kwa elimu yake mwenyewe. Akavua miwani. "Mtutu nimeupima vibaya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Hata fupi imekuwa ndefu kwake. Macho yangu, bosi. Nilikuficha."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka hapo na katoni ya maji. Maneno yalikuwa tayari. Niliyasikia kabisa jinsi yatakavyotoka: Bosi, ni mimi. Maneno matatu. Nikafungua katoni nikaanza kugawa maji.

Bosi si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Hakumfokea. Alimshika bega akasema, "Halas, Fundi. Umefanya kazi sana. Pumzika." Alitaka kumpeleka nyumbani kwa heshima, na zawadi, na tiketi mkononi. Fundi akasema nyumbani amwendee nani? Waliomjua wako makaburini, na nyumba ya mamake imejengwa nyingine juu yake. Akaomba aachwe hapo hapo Riyadh, Manfuha, kwa mtu mmoja wa Unguja waliyefika naye ujanani. Nilimpeleka mimi. Alishuka na begi moja na kopo lake la halua, akaniambia, "Zile za mwanzo zilikwenda vizuri, uliona? Mbili zile. Sielewi kwa nini zile mbili." Nikamwambia sijui, Fundi. Nikawasha gari.

Bosi akanunua ile kalibu ndefu ya shemeji. Akapiga nayo msimu mmoja na kila karatasi ilirudi na matundu ya ubavu, vile vile alivyosema Fundi. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili ila mimi. Bosi akaona gobori limezeeka, akalitundika ukutani sebuleni. Karakana ikawa stoo ya mazulia. Siku ya kuisafisha niliambiwa nitupe kila kitu. Kalibu ya alumini sikuitupa. Niliifunga kitambaa nikaiweka chini ya gurudumu la akiba la gari, na imekaa hapo, na kila nilipobadilisha gari niliihamisha.

Miaka sita ikapita hivyo. Juzijuzi Rehema akaniita jikoni. Ana wanawake wenzake Riyadh anaozungumza nao kwenye simu, na habari zote za Wakenya na Waunguja wa nchi hii zinapitia sikio lake. "Fundi haoni tena," akaniambia. "Kabisa. Na ikama ilimwishia zamani, hata hospitali haendi, aogopa. Akaa ndani tu." Bosi alikuwa anakwenda Riyadh harusini wiki ile. Rehema akanipa kopo la halua, akalifunga kwa mifuko mitatu. Kisha akanitazama, na Rehema akikutazama bila kusema ujue amesema. "Nenda kwake," akasema. "Ukae. Usimpe tu ukakimbia."

Nilipata alasiri moja bosi akiwa kwa wakwe. Manfuha, kichochoro cha nyumba za zamani, ngazi za giza, mlango wa bati. Nilipokanyaga ngazi ya mwisho sauti ikatoka ndani, "Mtu wa bara. Bado unaburuza kiatu cha kushoto."

Alikuwa amekaa kwenye godoro, kanzu imepigwa pasi. Nani aliyempigia sijui. Amepungua sana, na macho yake yalikuwa meupe, yanatazama pembeni yangu kidogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapapasa kopo, akalifungua, akanusa. "Paka wa Jeddah," akasema, na tukacheka, na nikadhani labda leo nitaweza kukaa tu, nile halua na mzee wangu, niondoke.

Akauliza habari za Rehema, za watoto, za bosi. Akauliza gobori. Nikamwambia liko ukutani, halipigwi tena.

Alilifunga kopo. "Nimemharibia," akasema. "Mwanamume yule alikuwa na furaha moja na mie nikamharibia mbele ya shemejiye. Kila siku naupima ule mtutu, hapa nilipokaa. Naweka chaki, nasukuma ufito, nahesabu. Kila siku napata jibu lile lile, fupi. Sijui nakosea wapi." Akapapasa akapata mkono wangu. "Nifanyie jambo. Mwambie anisamehe. Mwambie Fundi alipima vibaya, anaomba radhi."

Basi hapo nikashindwa. Nikamwambia. Spana, simu ya madam, ubawa, kisu, mizani ambayo sikuigusa, zile nzuri nilizozipanga juu. Nilisema haraka haraka nikilia, kwa hiyo sijui nilisema vizuri.

Akauondoa mkono wake. "Wacha," akasema. "Wewe una roho nzuri. Lakini usinifariji kwa uongo, mie si mtoto."

Nikatoa kile kitambaa mfukoni. Nikaiweka kalibu kwenye viganja vyake.

Aliijua kabla hajaifungua. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. Kisha kile kidole gumba, ule ukucha, ukapita juu ya maungio, polepole, kutoka juu hadi chini. Katikati ukazama. Akaurudisha nyuma, ukazama tena pale pale. Akauacha ukucha wake ndani ya ule ufa.

"Basi mtutu niliupima sawa," akasema.

"Uliupima sawa, Fundi."

"Ndo maana zile mbili za mwanzo."

"Ndiyo."

Machozi yalimtoka yale macho meupe na hakuyafuta. Nilidhani atanilaani na nilikuwa tayari. Aliuliza tu, "Nyundo yangu ilikuwa wapi?"

"Msumarini."

"Hatua ngapi?"

"Tatu."

Akatikisa kichwa. "Na hii umekaa nayo tangu siku ile."

"Ndiyo, Fundi."

"Miaka yote."

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira kwenye kichochoro, unagonga ukuta. Fundi akaifunga kalibu kwenye kitambaa chake, akaiweka chini ya mto, akajinyoosha mgongo kama zamani akinipa kazi.

"Sitaki kitu kwako," akasema. "Radhi ni yangu na Mungu, nitaiangalia. Ila kamwambie bosi. Neno moja tu. Fundi hakukosea. Asinirudishe, asiniletee chochote, ajue tu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nirudishie." Ndivyo alivyofanya siku zote akinituma, nirudie maneno yake ndipo aniachie.

"Fundi hakukosea," nikasema.

"Taibu," akasema.

Kesho yake tuliondoka Riyadh baada ya alfajiri, mimi na bosi peke yetu. Ni mwendo wa masaa tisa hadi Jeddah. Nilikuwa nimejipangia nitasema tukitoka mjini, barabara ikinyooka. Barabara ikanyooka. Nikasema basi tukisimama kwa kahawa. Tukasimama, tukanywa, akanisimulia harusi, alikuwa na furaha, akanilipia na tende. Nikasema akiamka. Alilala, akaamka tunapita Taif, milima inaanza, na masaa yamebaki mawili. Akajinyoosha kiti cha nyuma, akanitazama kwenye kioo.

"Mbona kimya leo?" akauliza. "Kuna nini?"

Niliyaona maneno yale mbele yangu kama yalivyo, mawili tu, nishayarudia kwa mwenyewe na yakakubaliwa.

"Mafi, hakuna kitu, bosi," nikasema. "Nimechoka tu."